Malkia Alikuwa Mama Mkwe

Nianze na kosa langu, kwa sababu wenzangu wa chama cha akina mama wamelisimulia kila mahali wanavyotaka wao, na mimi nimechoka kusahihisha. Sikumdanganya mtu. Sikuuza kiti cha enzi. Nilichofanya ni kushukuru, basi, na nikashukuru kwa mdomo mpana kuliko akili. Mdomo ukaponza kichwa.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kuandika kitabu na sina wa kukichapisha. Kilikuwa cha kwanza kati ya vitatu: hadithi ya mji uliojengwa ndani ya shimo la volkeno, mji unaoishi kwa mvuke wa ardhini, wenye malkia, majeshi, wanyama ambao hawajawahi kuonekana duniani, na vita virefu dhidi ya watu wa nyanda za juu. Ukikaa Nakuru, shimo la volkeno la Menengai liko pale nyuma ya mji kila asubuhi, na mume wako anafanya kazi kwenye visima vya mvuke vya Olkaria, hadithi kama hiyo huendi kuitafuta mbali. Wachapishaji wawili wa Nairobi walinijibu kwa heshima kwamba Kiswahili cha majoka hakina shule ya kukinunua. Wa tatu hajajibu mpaka leo. Mimi ni karani wa ghala la mahindi Rongai, sina mjomba serikalini wala shangazi Ulaya. Nikakifungia kile kitabu ndani ya kompyuta nikaendelea kupima mahindi ya watu.

Aliyekataa ni mama mkwe.

"Umeandika ukamaliza?" aliniuliza jikoni.

"Nimemaliza, mama."

"Na kitabu imelala tu?"

"Kimelala."

"Kwa nyumba yangu hakuna kitu hulala mchana," akasema, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Nyumba ni yake kweli. Iko mtaa wa Section 58, na kiwanja alikinunua marehemu baba mkwe alipostaafu kazi ya reli. Mimi na mume wangu tuliingia humo baada ya harusi, ati miezi michache tujipange, tupate yetu. Hiyo miezi michache sasa ina watoto wawili, na mkubwa ananizidi urefu. Mama ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kanisa letu, wanawake kumi na mmoja, wengi wao mabinti na wajane wa watu waliokuja kutoka magharibi mwa nchi kufanya kazi ya reli na ya viwandani, wakabaki. Jumamosi iliyofuata aliwaambia wenzake kwamba zamu yake ya kupokea mchango iende kwa kitabu, na mwenye roho nzuri aongeze juu. Wakaongeza wote. Aki hata yule mmoja ambaye hatukuwa tunasalimiana.

Nikasimama kushukuru. Machozi yalikuwa yananitoka, pua nayo haikubaki nyuma, na katikati ya kulia nikasikia sauti yangu ikisema, "Kila mmoja wenu nitamweka ndani ya kitabu. Kila mmoja atakuwa na mtu wake." Wueh! Vigelegele vilivyopigwa pale, jirani alikuja kuuliza ni nani ameolewa.

Ilinichukua wiki moja kuwagawia. Muuza mitumba wa chama, mama wa kucheka kwa sauti, nikampa mpiga mishale. Muuguzi mstaafu nikampa mganga wa jeshi. Yule tuliyekuwa hatusalimiani nikampa mlinzi wa maktaba, kazi ya heshima isiyo na maneno mengi. Sikutumia majina yao, nilichukua tu mwendo, kicheko, namna mtu anavyokunja leso yake. Wenyewe walijitambua mara moja. Na malkia nikampa mwenyekiti. Ulitaka nifanyeje? Nimpe mpishi?

Shida ni kwamba malkia nilikuwa nimeshamwandikia mwisho wake kichwani. Tangu siku ya kwanza nilijua kitabu cha tatu kitaishaje: maadui wameziba njia zote, mji una njaa, watu wote wanamtazama malkia. Naye anachukua siri ya visima vya mvuke, anampa jemadari wa adui, na malipo anayodai ni kitu kimoja tu, apitishwe aende zake. Anaondoka. Anawaacha watu wake na hageuki nyuma. Vitabu vyote vitatu vilijengwa kubeba hiyo siku moja. Ukiiondoa, kinachobaki ni watu wanaopigana kurasa mia tisa bila sababu.

Nikajiambia cha tatu kiko mbali, na tukifika tutajua. Wakati huo nilidhani hiyo ni hekima.

Kitabu cha kwanza kilitoka. Tulichapisha mjini, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake kubwa ni kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, na kila mara kurasa zangu zilipoanza kutoka kwenye mashine, msiba uliingia na mimi nikasukumwa kando. "Mathe, maiti haingoji," aliniambia. "Hao majoka wako wako na haraka ya kwenda wapi?" Nilikaa kwenye benchi lake nikisoma wasifu za marehemu mpaka zamu yangu ikarudi.

Halafu mama mkwe akaanza kuuza. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajamwona mama mkwe akiuza. Aliviuza kanisani kwetu, akaviuza makanisa ya wengine, akaviuza kwenye harusi, matanga, foleni ya hospitali. Aliwauzia hata wazee wa msikitini, majirani zetu wa zamani wenye asili ya pwani, ambao walinunua kisha wakanirudishia nakala moja imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hotuba yake ilikuwa fupi. "Hiki kitabu ni cha msichana wangu," alisema, "na huyu malkia ni mimi." Baada ya mwaka mmoja muuza nyama alikuwa akimwita Malkia, fundi wa viatu Malkia, hata kasisi siku moja alijisahau mimbarini. Na mama akabadilika. Alinyoosha mgongo. Alianza kukataa vitu. "Malkia hachambui sukuma leo," angesema, tukacheka, na hiyo mboga nikachambua mimi.

Mwandishi yeyote anayejichapishia atakuambia kwamba kuandika ni nusu ya kazi na nusu nyingine ni kumtafuta mtu mmoja asiyekuwa mama yako wa kukubeba mgongoni. Mimi nilimpata. Na alinibeba vizuri mpaka siku nilipotaka kushuka nikakuta miguu haifiki chini.

Alinipa na chumba. Kilikuwa chumba chake cha cherehani, kidogo, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kila Jumamosi asubuhi aliniingiza humo na chupa ya chai na mandazi mawili, akafunga mlango kwa nje, akaondoka na ufunguo, ili watoto wasinisumbue. "Sitaki kukuona kabla ya saa saba," alisema. Nikitaka kwenda choo napiga mlango. Jamani, ni upendo, najua ni upendo, wenzangu wangapi wana mama mkwe wa kuwafulia nguo za watoto ili waandike? Lakini nilikaa mle nikisikia maisha ya nyumba yakiendelea upande wa pili wa mlango, redio, watoto, mtu anacheka. Nilitamani kuvunja kitasa. Nikaandika badala yake.

Alasiri chama kilikuja, na ikawa desturi kwamba kabla ya chai ninasoma nilichoandika. Hapo nilijipalia makaa mara ya pili. Kila mmoja alisikiliza mtu wake tu.

"Mbona mimi nimekaa maktaba sura nne sijala?"

"Huyo mganga wangu hana bwana? Kwani ni mtawa?"

"Hapo umeandika nimenuna. Mimi hununa lini? Semeni ukweli, mimi hununa?"

Wawili walipogombana kuhusu sufuria ya chama, kila mmoja alinivuta kando kuniomba nimpeleke mwenzake vitani mbele kabisa, mahali penye mishale mingi.

Kitabu cha pili kilipofika katikati nikamuua mpiga mishale. Alikufa vizuri, aki, nililia mwenyewe nikiandika: amesimama juu ya ukuta, mishale imekwisha, anatupa mawe. Niliposoma ile Jumamosi wengine walipangusa macho. Muuza mitumba mwenyewe alipiga makofi, akaomba nakala ya ukurasa huo. Jumanne akaanza kuumwa tumbo. Alhamisi akalazwa. Ilikuwa taifodi, ya maji ya kawaida tu, ile ambayo imeshapita kila nyumba Nakuru. Lakini nenda uwaambie.

Ijumaa akina mama watatu walinifuata kazini Rongai. Msimu wa kuvuna, malori yamepanga mstari mpaka barabarani, mkulima mmoja ananipigia kelele kwamba mahindi yake yamekauka na kipimo changu cha unyevu ndicho kilicho na maji, na katikati ya vumbi lile wanatokea wao na mikoba yao ya kanisani.

"Tumekuja kwa ajili ya mgonjwa," akasema muuguzi mstaafu. Muuguzi! Mtu wa dawa!

"Anaendeleaje?"

"Ataendeleaje na wewe umeshamzika? Kwetu mtu haandikwi amekufa akiwa hai. Hata jina ya mtoto tunapewa na waliokwenda, si na waliobaki. Mfufue."

"Mama, ni hadithi."

"Basi kama ni hadithi, shida iko wapi? Mfufue."

Mkulima alikuwa ameacha kupiga kelele ili asikie vizuri. Nilirudi nyumbani nikamfufua. Kumbe jiwe lilimzimisha tu, kumbe alianguka kwenye nyasi. Mgonjwa alitoka hospitali Jumatatu, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa mji wangu aliyekufa tena. Nilikuwa na vita vya miaka saba ambamo upande mmoja unakufa kama kumbikumbi na upande wa pili unapata mikwaruzo. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa amenunua vitabu vyote viwili aliniandikia ujumbe: jeshi lako lina bahati sana. Nilitaka kumtukana, na alikuwa amesema kweli.

Lakini hayo yote niliyavumilia, kwa sababu nilikuwa bado na malkia. Wengine wasife, sawa, waishi mpaka wachoke. Malkia akiondoka, kitabu kimepona. Nikaishikilia hiyo siku moja kama mtu anayeshikilia nauli ya kurudi.

Nilimwambia mume wangu peke yake. Alikuwa amekuja mapumziko kutoka Olkaria, tumekaa nje kwenye ngazi, anavua buti. Mume wangu ni mtu mpole, hapandishi sauti hata mpira ukichezwa. Nilipomaliza kumweleza, aliweka buti chini polepole.

"Usithubutu," akasema.

"Kwa nini? Ni malkia, si mama."

"Kila mtu Nakuru anajua ni mama. Yeye mwenyewe amewaambia." Akavua buti la pili. "Wewe unajua mzee alipokufa baba wadogo walisema nini? Wadogo zake mzee. Walikuja hapa, hata kaburi haijakauka, wakasema huyu mwanamke bado kijana, atauza kiwanja atoroke, atuachie watoto. Mama akawaambia ataondoka hapa akiwa amebebwa. Na hakuondoka. Alitulea wanne na cherehani. Hiyo ndiyo kitu watu wanamheshimu nayo. Sasa wewe, ukiwa kwa nyumba yake, ukila chakula yake, umwandike ametoroka? Ameacha watu wake? Baba wadogo wenyewe watanunua."

Alikuwa ameweka kidole palepale. Kati ya matusi yote duniani, mimi nilikuwa nimemchagulia lile moja ambalo aliishi maisha yake yote kulikanusha. Na nilikuwa nimelichagua kabla sijayajua hayo, kwa ajili ya hadithi tu. Fadhila ya punda ni mateke, wangesema, na wangekuwa na haki. Nilikasirika. Nilimkasirikia mume wangu, nikamkasirikia mama kwa wema wake, nikayakasirikia hayo mandazi mawili. Ningependa kukuambia kwamba nilitulia nikatafakari. Sikutulia. Nilisugua sufuria ile jioni mpaka mpini ukang'oka.

Nilimwandika malkia akiondoka. Lazima niseme hilo. Jumamosi tatu, ndani ya kile chumba, mlango umefungwa, niliandika sura tatu za mwisho jinsi zilivyokuwa tangu mwanzo, na sijawahi kuandika vizuri namna ile wala sidhani nitaandika tena. Saa saba ufunguo ulipozunguka niliruka kama mwizi nikafunga kompyuta.

"Umefanya kazi?" mama aliuliza.

"Nimefanya."

"Imeenda vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Unaona? Mlango ukifungwa akili inafunguka," akasema, akafurahi kweli.

Alasiri hizo nilikataa kusomea chama. Niliwaambia mwisho ni siri, wangoje kitabu. Wengine walinung'unika, lakini mama aliniunga mkono. Alisema hata yeye hataki kusomewa, mwisho atausoma mwenyewe, kwa miwani yake, kama watu wengine walionunua.

Wiki ya nne nikazifuta. Sikuzihifadhi popote, wala kwenye simu, wala kwenye karatasi. Niliogopa mtoto atazifungua, niliogopa mume wangu, na ukweli ni kwamba niliogopa mwenyewe nitazipeleka kwa yule mzee wa kadi za harusi siku moja nikiwa na hasira. Nikaandika nyingine. Malkia anabaki. Anasimama juu ya ukuta na watu wake, hotuba ndefu, mvuke unawapofusha maadui, ushindi, karamu, anazeeka kwenye kiti chake akiwa amezungukwa na wajukuu. Iliniteremka haraka, siku mbili tu, kama uji. Nilipomaliza nilihisi nimejizika na udongo nimeumwaga mimi mwenyewe.

Kitabu kilipotoka tulikizindua kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada. Akina mama walishona kitenge cha sare. Mama mkwe aliketi mbele, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, na walipoimba wakizunguka, alitikisa kichwa kidogo tu, taratibu. Nilikuwa nimempa hiyo siku. Nilijaribu kufurahi. Watu walinunua, wakasema nimeweza, na wengine wakaniuliza cha nne kinatoka lini, kwa sababu si malkia bado yuko? Si wajukuu nao wapo? Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Cha nne! Kumbe sikuwa nimemaliza chochote.

Mama alisoma polepole, mstari kwa kidole, sura moja kwa siku baada ya chai. Ilimchukua zaidi ya mwezi. Kila siku nilipita karibu na kiti chake nikiangalia kurasa zilizobaki.

Alimaliza Jumapili moja alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha, watoto wameenda kwa wenzao, mume wangu yuko kazini. Aliniita sebuleni. Kitabu kilikuwa kimefungwa mapajani.

"Malkia amebaki," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mpaka akazeeka hapo hapo."

"Ndiyo."

Akavua miwani, akaipangusa na leso. "Kwa nini?"

Nikaanza kusema kuhusu ushindi, kuhusu mji, sijui nini. Alinikatiza.

"Wacha. Kitabu ya kwanza huyu mwanamke ako na viatu vya safari chini ya kitanda. Malkia gani huficha viatu? Kitabu ya pili anauliza yule mchimbaji, hii njia ya chini hutokea wapi? Halafu anamwambia asiseme kwa mtu. Wewe unafikiri mimi nauza kitu sijasoma? Nilijua. Kutoka mwanzo nilijua. Miaka yote nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Aende!" Alipiga kitabu kwa kiganja. Sijawahi kumsikia akipiga kelele. "Nilikuwa nangoja aende!"

Nikakaa chini.

"Niliogopa utaumia," nikasema. "Kwa sababu ya baba wadogo. Kwa sababu wewe ulikataa kuondoka."

"Nani amekuambia nilikataa?" Akanitazama, na sura yake haikuwa ya hasira tena. "Watu hupenda hiyo hadithi, nikawaachia. Mimi nilipanga kwenda. Nilishona begi. Nilikuwa nimechoka na hii nyumba, na hao ndugu zake, na watoto wanne kulia, Mungu anisamehe. Siku nilipanga, nilikaa hapa, kwa hiki kiti, nikafikiria naenda wapi. Kwetu walikuwa wamekufa. Mji nyingine sijui mtu. Nikafikiria mpaka watoto wakarudi kutoka shule wakataka chakula, nikainuka nikapika. Basi. Hiyo ndiyo kukataa."

Mvua iliongezeka, na mabati ya jikoni yetu yakianza, huwezi kusikia mtu. Nililia, na sikujificha. Ilipopungua aliniuliza, "Uliandika ile ingine?"

"Niliandika."

"Iko wapi?"

"Niliifuta, mama."

Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeona chungu kimeanguka mbali na mkono wake. Kisha akasema, "Basi niambie na mdomo."

Nikamwambia. Nilianza kwa kusitasita, halafu maneno yakarudi, mengi yakiwa yaleyale, na mengine mazuri zaidi. Nikamweleza njaa ya mji na watu wanaomtazama. Nikamweleza malkia anavyotoka mchana kweupe, si kwa kujificha, anavyosimama mbele ya jemadari bila taji, anavyosema anachotaka. Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inanifuata. Nilipofika pale maadui wanapomfungulia njia, wanasogea kulia na kushoto, naye anapita katikati yao na hageuki, alishika mkono wa kiti kwa nguvu.

"Halafu?" akasema.

"Halafu anapanda kilima, upande wa pili."

"Eeh. Halafu? Anaenda wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilitafuta. Nilikuwa nimemjengea mji mzima, kila ngazi, kila kisima, kila chumba chenye kufuli. Nilijua wanakula nini na wanazikana vipi. Huko nje ya shimo sikuwa nimeweka hata njia. Nilikuwa nimeandika miaka sita ili nimfikishe pale mgongoni mwa kilima, na sikuwahi kujiuliza swali hilo hata mara moja.

"Sijui, mama," nikasema.

Akafungua macho akanitazama.

"Hata wewe," akasema.